Shoka, Kitanzi na Misalaba Miwili: Taswira za Dhambi na Adhabu katika Riwaya Kuu ya Dostoevsky

Asubuhi ya tarehe 22 Desemba 1849, kwa kalenda ya Urusi ya zamani, vijana kadhaa walishushwa kutoka magari ya farasi katika uwanja wa gwaride wa kikosi cha Semyonovsky, mjini St. Petersburg. Baridi ilikuwa kali na theluji imetanda. Wakapandishwa jukwaani mbele ya askari waliojipanga, wakasomewa hukumu: kufa kwa kupigwa risasi. Wakavikwa mashati meupe ya kufia, wakapewa msalaba waubusu, na watatu wa mwanzo wakafungwa kwenye nguzo. Miongoni mwa waliosalia kungoja zamu ya pili alikuwamo kijana wa miaka 28, aliyepata kuwa luteni wa wahandisi katika jeshi la nchi hiyo. Jina lake Fyodor Dostoevsky. Bunduki zilikwisha elekezwa ndipo ngoma ikapigwa ya kusimamisha, na mjumbe akasoma amri mpya ya Mfalme Nicholas wa Kwanza: hawatauawa, watapelekwa Siberia kufanya kazi ngumu. Kumbe shughuli yote ile, tangu mashati hadi nguzo, ilikuwa imepangwa mapema iwe igizo la kuwatia adabu. Mmoja wa wale watatu waliofungwa, jina lake Grigoryev, alirukwa na akili.

Kosa kubwa la Dostoevsky lilikuwa kusoma mbele ya wenzake barua iliyopigwa marufuku, iliyokuwa ikishutumu Kanisa la nchi yake na utumwa wa wakulima. Kwa barua hiyo alikaa miaka minne katika gereza la Omsk, amefungwa pingu za miguuni usiku na mchana, kati ya wauaji na wezi. Alipofunguliwa mwaka 1854 hakurudishwa nyumbani. Alivikwa sare ya askari wa chini kabisa katika kikosi cha Semipalatinsk, mji ambao leo huitwa Semey na umo katika Jamhuri ya Kazakhstan. Wasomaji wanaojua maana ya cheo na maana ya kuvuliwa cheo watafahamu uzito wa jambo hilo: mtu aliyekuwa akipigiwa saluti akaanza upya kujifunza kushika bunduki, akiamriwa na watu ambao zamani wangemngoja aseme. Hakuruhusiwa kurudi Urusi ya magharibi hadi mwaka 1859.

Mambo hayo yametangulizwa hapa kwa sababu moja. Mtu aliyesimama akingojea risasi yake haandiki habari za adhabu kama aliyezisoma vitabuni. Mwaka 1866, riwaya yake iitwayo Uhalifu na Adhabu ilianza kutolewa sehemu kwa sehemu katika jarida la Mjumbe wa Urusi, na tangu hapo haijapata kutoweka katika maktaba za ulimwengu. Wengi huidhani kuwa hadithi ya upelelezi. Msomaji wa namna hiyo hushangaa mapema sana, maana muuaji anajulikana tangu mwanzo, mauaji yenyewe yanakwisha katika sehemu ya kwanza kati ya sita, na hukumu ya mahakama haisomwi mpaka katika kurasa chache za mwisho. Je, adhabu iliyotajwa katika jina la kitabu iko wapi? Imeenea katika kurasa zote za katikati, nayo haisemwi kwa maneno ya sheria bali kwa vitu: shoka, ukuta, kengele, jiwe, msalaba.

Lugha yetu ya Kiswahili ina maneno mengi kwa jambo hili. Kosa hata mtoto hulifanya amwagapo maziwa. Jinai ni kazi ya polisi. Hatia huthibitishwa na hakimu. Dhambi ni baina ya mja na Muumba wake. Neno la Kirusi lililo katika jina la riwaya hii, likifunguliwa asili yake, maana yake ni kuvuka, kupita juu ya mstari. Nasi tuna neno lililo jirani yake kabisa tusemapo kwamba mtu amekiuka sheria. Picha hiyo ya kuvuka ndiyo mwandishi aliyoishika tangu ukurasa wa kwanza. Mambo makubwa ya riwaya hii hutokea mlangoni, katika ngazi, juu ya daraja, penye kizingiti. Mtu husimama pale akiwa bado ni huyu wa jana. Akiinua mguu mmoja, hawi huyo tena.

Kijana mwenyewe anaitwa Raskolnikov, na jina hilo si la bahati. Limetokana na neno lenye maana ya mpasuko, na kitenzi cha asili hiyo hiyo hutumika kwa kupasua kuni kwa shoka. Alikuwa mwanafunzi wa sheria aliyeacha masomo kwa ukata. Anaishi juu kabisa ya nyumba ya ghorofa tano, katika chumba kidogo mfano wa kabati, na mama yake atakapokiona kwa mara ya kwanza atakifananisha na jeneza. Mle ndani, peke yake, njaa ikimuuma, kijana huyu amejitungia fikra: kwamba wanadamu ni wa aina mbili, wa kawaida ambao wajibu wao ni kutii, na wachache wasio wa kawaida, mfano wa Napoleon, ambao wana haki ya kuvuka hata juu ya damu kwa ajili ya jambo kubwa. Naye anataka kujua yeye ni wa kundi gani. Hatua 730 kutoka mlango wa nje wa nyumba yake anakaa kikongwe Alyona Ivanovna, mkopeshaji wa rehani, mchoyo, asiyependwa na mtu. Kijana huyo amezihesabu hatua hizo.

Kabla ya mauaji mwandishi anamlaza usingizi na kumwotesha ndoto, na pengine hakuna ukurasa mzito kuliko huo katika kitabu kizima. Raskolnikov anajiona yu mtoto wa miaka saba, ameshikwa mkono na baba yake, wakipita karibu na kilabu cha pombe. Mlevi mmoja amemfunga farasi jike, mdogo na aliyekonda, katika gari kubwa lisiloweza kuvutwa naye, akawaita walevi wenzake wote wapande. Farasi hawezi. Wanampiga kwa mijeledi, hata machoni. Kisha kwa mti wa gari. Kisha kwa mtaimbo wa chuma mpaka afe. Mwenye farasi anapiga kelele kwamba huyo ni mali yake. Mtoto anapenya katikati ya watu, anakikumbatia kichwa chenye damu na kukibusu. Kijana anaamka ametota jasho, naye anajiuliza kama kweli atatwaa shoka. Atatwaa. Siku hiyo moja mtoto anayelia na mlevi anayepiga wamo katika kifua kimoja, na mpasuko ule wa jina umeonekana bila kuelezwa. Sehemu nyingi baadaye, mwanamke mmoja masikini, mke wa mlevi na mama wa watoto watatu wadogo, atakata roho akijifananisha na farasi aliyeendeshwa hadi kufa. Msomaji asiyeisahau ndoto ile atatulia kidogo hapo kabla ya kufunua ukurasa.

Shoka si lake. Aliazimia kulichukua jikoni kwa mwenye nyumba, akakuta mtumishi yumo. Akaliiba katika chumba cha bawabu, chini ya benchi. Alikuwa amekwisha shona kitanzi cha kitambaa ndani ya koti lake, upande wa kushoto, shoka lipate kuning'inia lisionekane. Hapa Kiswahili kinamfaa mwandishi kuliko alivyotazamia, kwa kuwa kwetu kitanzi cha kubebea na kitanzi cha kunyongea ni neno moja: aliyekishona amejishonea. Tena wapo wachambuzi walioangalia vema jinsi lilivyotumika. Kikongwe hakupigwa kwa makali bali kwa kisogo cha shoka, na kisogo kikimwelekea yeye, makali huwa yamemwelekea aliyelishika. Mwandishi halitaji jambo hilo. Ameonyesha tu namna mkono ulivyoshuka. Ndipo anaingia Lizaveta, ndugu wa kikongwe kwa baba, mwanamke mpole asiyemdhuru mtu yeyote, ambaye hakuwamo katika hesabu. Huyu anauawa kwa makali. Hainui mikono kuukinga uso wake. Anaunyosha mkono wa kushoto tu, polepole, kama mtu asukumaye kitu kwa mbali, na uso wake ni wa mtoto aliyeogopa. Mkono huo utaonekana tena.

Kuhusu rangi yamesemwa mengi. Kuta za chumba cha Raskolnikov zimebandikwa karatasi za manjano zenye vumbi. Kuta za kikongwe ni za manjano, viti vyake vya mti wa manjano, hata koti lake la manyoya limegeuka manjano kwa uchakavu. Sonya, binti aliyelazimika kuuza mwili wake ili wadogo zake wale, ameandikishwa na serikali na kupewa cheti cha manjano. Samani za ofisi ya mpelelezi ni za manjano, na uso wa mpelelezi mwenyewe una manjano ya ugonjwa. Kijana anapozimia kituoni na kuzinduka, anaona mtu mbele yake ameshika bilauri ya manjano yenye maji ya manjano. Wapo wanaozihesabu rangi hizi kama shanga na kudai kila moja ina tafsiri yake. Hilo limepita kiasi. Mji ule wakati wa joto la Julai, wenye vumbi, chokaa, uvundo wa mifereji na pombe, ulikuwa na manjano ya kutosha bila msaada wa mwandishi. Lakini ni kweli kwamba rangi hiyo haimwachi kijana kupumua. Ni kana kwamba dunia nzima ina ugonjwa wake: akikimbia chumba chake, hukikuta chumba kile kile mbele.

Askari polisi watakaosoma kitabu hiki watatabasamu, kisha wataacha kutabasamu, watakapofikia siku ya pili ya mauaji. Muuaji anapata hati ya kuitwa kituoni. Anakwenda akiwa tayari kupiga magoti na kusema yote. Anakuta ameitwa kwa deni la kodi ya nyumba, rubli 115. Anafurahi kama mtoto. Kisha, akiwa karibu kutoka, anawasikia maofisa wakizungumzia mauaji ya kikongwe, na harufu ya rangi mbichi ya kuta za kituo inampanda kichwani, anaanguka. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemshuku kabla ya hapo. Mwili wake umetoa ushahidi kabla ya ulimi.

Na mali aliyoiua watu wawili kwa ajili yake? Hakuihesabu. Aliifukia chini ya jiwe kubwa katika ua mmoja, akajikanyagia udongo kwa mguu, akaenda zake. Katika mfuko wa fedha zilikuwamo rubli 317 na kopeki 60, na kiasi hicho kilijulikana mahakamani tu, baada ya jiwe kuinuliwa. Yeye mwenyewe hakupata kuufungua mfuko. Mahakimu walishindwa kuamini. Tena katika almari ya marehemu zilibaki rubli 1,500 ambazo kwa haraka na hofu hakuziona. Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini hapa hata kata haikujua kilichomo mtungini.

Baada ya kuufukia mfuko ule, akipita juu ya daraja, mke wa mfanyabiashara mmoja anamdhania maskini na kumpa sarafu ya kopeki 20 kwa jina la Kristo. Raskolnikov anaikodolea macho kiganjani, kisha anaitupa mtoni. Mwandishi anasema kwamba dakika ile alijiona kana kwamba amejikata kwa mkasi kutoka kwa watu wote na vitu vyote. Ikiwa jela ni kutengwa na watu, basi kijana huyu ameingia jela mchana kweupe, katikati ya mji, bila askari wa kumlinda. Mama na dada yake wanapowasili kutoka mashambani baada ya kutoonana naye muda mrefu, wanamrukia kwa furaha. Yeye hawezi kuinua mikono kuwakumbatia. Mikono ile ilikwisha fanya kazi nyingine.

Usiku mmoja anarudi mwenyewe kwenye nyumba ya mauaji, anaipiga kengele ya mlangoni mara ya pili na ya tatu apate kuusikia tena mlio ule, na kuwauliza mafundi waliokuwa wakibandika karatasi mpya kama damu imekwisha oshwa. Kila mpelelezi mzoefu amesikia habari za mtu anayerudi pale alipofanyia kosa. Porfiry Petrovich, mpelelezi wa mahakama katika riwaya hii, anaijua sana tabia hiyo. Hana shahidi wala kitu chochote cha kuweka mezani, naye anakiri kwamba elimu ya nafsi ya binadamu ni fimbo yenye ncha mbili. Basi hamkamati. Anamweleza kwa upole, akicheka cheka, kwamba mtu kama huyo akiachwa huru atamzunguka mpelelezi kama nondo azungukavyo mshumaa, mpaka aingie mwenyewe. Taswira hiyo ya mshumaa imenukuliwa mara nyingi kuonyesha werevu wa Porfiry. Werevu wake mkubwa zaidi uko mahali pengine, nao ni somo kwa kila mwenye kazi ya kuhoji watu.

Mbele ya Porfiry anajitupa fundi rangi mmoja, kijana Nikolai, na kukiri kwamba ndiye aliyewaua wanawake wale wawili. Ana kila alama: alikuwa akifanya kazi katika nyumba ile, amekamatwa na vitu vilivyookotwa pale, alikwisha jaribu kujinyonga. Mpelelezi mvivu angefunga jalada siku hiyo hiyo na kupandishwa cheo. Porfiry hakufunga. Alichunguza maisha ya kijana huyo, akagundua kwamba anatoka katika madhehebu ya waliojitenga na Kanisa, watu wanaoamini kwamba kupokea mateso ni jambo la heri, hasa mateso kutoka kwa wenye mamlaka. Madhehebu hayo kwa Kirusi yanaitwa kwa jina lenye asili moja na jina la Raskolnikov. Mwenye damu mikononi anakataa adhabu, na asiye na damu anaililia. Jina moja limegawanywa nusu kwa nusu baina yao. Laiti Porfiry angeridhika na maungamo yale, asiye na hatia angepelekwa Siberia, na sheria ingelala usingizi mzuri.

Si Dostoevsky peke yake aliyeitia dhambi katika kitu cha kuonekana kwa macho. Miaka 16 kabla yake, mwaka 1850, Mmarekani Nathaniel Hawthorne, mjukuu wa ukoo wa hakimu aliyehukumu wanawake kwa uchawi mjini Salem mwaka 1692, alitoa riwaya iitwayo Herufi Nyekundu. Humo mwanamke aliyezaa nje ya ndoa anaamriwa kuvaa kifuani herufi A ya kitambaa chekundu. Yeye ni fundi wa sindano, naye anaidarizi kwa nyuzi za dhahabu mpaka inapendeza kuliko nguo zote za mji. Mji unaomtenga unampa kazi: anashona kola ya gavana, mishipi ya maofisa wa jeshi, kofia za watoto wachanga, sanda za wafu. Shela ya bibi arusi pekee hapewi kushona. Mwanamume aliyeshirikiana naye, mchungaji anayeheshimiwa na wote, hana herufi yoyote nje, naye ndiye anayeoza ndani, mkono umeshika moyo. Kwa Hawthorne adhabu inatangulia na kila mtu anaiona. Kwa Mrusi inangoja, na mwenye kosa ndiye anayeitafuta mlango kwa mlango. Kina mama wanaoshona watakielewa kitabu cha Hawthorne bila mwalimu.

Turudi kwa Sonya. Chumba chake kina pembe mbaya, moja imechongoka na kukimbilia gizani, nyingine imepanuka kupita kiasi, kana kwamba hata nyumba imemkosesha haki yake. Hapo Raskolnikov anamtaka asome katika Injili habari za Lazaro, aliyekaa kaburini siku nne kabla ya kufufuliwa. Kitabu anachosoma alipewa na Lizaveta. Hajui bado kwamba msikilizaji wake ndiye aliyemuua Lizaveta. Mshumaa unafifia, mwenye dhambi ya damu na mwenye dhambi ya mwili wameinamia kitabu kimoja cha marehemu. Kijana anayelala katika chumba mfano wa jeneza, ambaye ameweka siri yake chini ya jiwe, anasomewa habari za jiwe lililoondolewa mlangoni mwa kaburi. Dostoevsky hakulifafanua jambo hilo hata kwa sentensi moja.

Anapokuja siku nyingine kumwambia ukweli, hawezi kulitamka neno. Anamwambia amtazame vizuri. Sonya anapofahamu, ananyosha mkono wake wa kushoto mbele, polepole, na kurudi nyuma na uso wa mtoto aliyeogopa. Ndio ule mkono wa Lizaveta.

Kisha misalaba. Kikongwe, alipouawa, alikuwa na misalaba miwili shingoni, mmoja wa mti na mmoja wa shaba, naye muuaji aliitupa juu ya maiti akachukua mfuko wa fedha. Sonya naye ana miwili, wa mti ulio wake na wa shaba aliobadilishana na Lizaveta. Siku ya kwenda kujisalimisha anamvika kijana ule wa mti, na yeye anabaki na wa shaba wa marehemu. Alichokitupa siku ile kimemrudia, na safari hii amekiinamishia shingo mwenyewe.

Sonya alikuwa amemwagiza jambo moja: asimame penye njia panda, ainame, aibusu ardhi aliyoitia unajisi, atamke kosa lake mbele ya watu wote. Raskolnikov anafanya hivyo katika uwanja wa Soko la Nyasi, isipokuwa hatamki. Watu wanamcheka. Mmoja anasema amelewa, mwingine kwamba anasafiri kwenda Yerusalemu. Kituoni anamkuta ofisa mwenye hasira za karibu, aliyepewa na wenzake jina la Baruti, amechangamka na mwenye maneno mengi. Anamsikia akitaja kwamba bwana Svidrigailov, mtu tajiri aliyeijua siri yake kwa kuisikiliza nyuma ya mlango, amejipiga risasi alfajiri. Shahidi wa pekee wa kuogopwa amekwisha toweka. Raskolnikov anatoka, anashuka ngazi. Sonya yuko uani, amesimama kimya. Anapanda ngazi tena. Ni ngazi ile ile, hatua chache tu, na riwaya nzima imekuwa ikimleta hapo.

Mahakama ilimpa miaka minane ya kazi ngumu, ikizingatia kwamba alikuja mwenyewe, kwamba hakutumia mali, na kwamba hapo nyuma aliwahi kuwaokoa watoto wawili katika nyumba iliyokuwa ikiungua. Msomaji akitazamia kwamba sasa kijana amejuta, amekosea. Huko Siberia anaona aibu kwa kushindwa, wala hajutii kuua. Hata kabla ya kujisalimisha alimwuliza dada yake kwa nini kuwapiga watu mabomu katika vita huheshimiwa kuliko alichofanya yeye. Swali hilo si jepesi, na mwandishi aliyepata kuvaa sare hakujifanya kulijibu kwa neno moja. Alimjibu kwa ndoto. Kijana, akiwa mgonjwa hospitalini mwa gereza, anaota kwamba tauni isiyojulikana imeingia ulimwenguni. Kila anayeambukizwa anajiona yeye peke yake ndiye anayeujua ukweli. Majeshi yanakusanyika, kisha safarini yanaanza kujishambulia yenyewe. Kengele zinapigwa miji yote kuwaita watu, wala hakuna ajuaye anayeita ni nani na kwa nini. Fikra yake ya watu wasio wa kawaida amewagawia watu wote, na dunia imekwisha.

Iko habari moja ya kweli ambayo haina budi kutajwa. Mwezi Januari 1866, sehemu ya kwanza ya riwaya ikiwa inatolewa, mwanafunzi mmoja wa Moscow alimuua mkopeshaji wa rehani pamoja na mtumishi wake wa kike. Dostoevsky alikuwa ameandika kabla habari hizo hazijafika. Wasomaji wa wakati ule waliposhika jarida mkono mmoja na gazeti mkono mwingine, walipata shida kujua ni lipi linalosimulia mambo yaliyotokea.

Riwaya inamwacha Raskolnikov akiwa amebakiwa na miaka saba. Ni asubuhi, ukingoni mwa mto mpana. Ng'ambo, mbali sana, mahema ya wafugaji yanaonekana kama vitone vyeusi, na wimbo unasikika kwa taabu. Hapo, kwa mara ya kwanza, ananyenyekea mbele ya Sonya na kulia. Usiku anatoa chini ya mto wake kile kitabu cha Injili, ambacho ni cha Sonya, kile cha habari za Lazaro. Hakifungui bado.

Dostoevsky alikuwa nacho cha namna hiyo. Njiani kwenda Omsk, katika mji wa Tobolsk, wake wa wafungwa wa siasa wa zamani walimpa Agano Jipya, kitabu pekee kilichoruhusiwa gerezani, naye alilala nacho chini ya mto miaka yote minne. Mwaka 1881, siku aliyofariki, alimwomba mkewe Anna akifungue na kumsomea. Kisha akaagiza apewe mwanawe Fyodor.